Pua Iliyofunguka Adhuhuri

Basi lilikuwa limekwisha kutoka getini mwa kituo cha majaribio na vumbi la barabara ya shamba limesimama nyuma yake kama pazia, Inspekta Etelka Vámos alipomwamuru sajini wake akate kona kupitia mabua ya alizeti.

"Afande, hili gari chini limeoza," alisema Sajini Bódi.

"Litaoza vizuri zaidi hao wakishapanda treni. Kata."

Bódi akakata. Mabua yakagonga tumbo la gari, kitu fulani kikang'oka na kubaki shambani, wakatokea barabarani mbele ya basi. Inspekta akashuka, akasimama katikati ya njia na leso puani. Pua yake ilikuwa imeziba tangu katikati ya Agosti, kama pua za nusu ya watu wa nyanda zile.

Dereva akachungulia dirishani. "Mama, treni haitusubiri."

"Hata mimi sisubiri. Zima."

Ndani walikuwamo watu wapatao arobaini, wote macho mekundu. Tangu asubuhi walikuwa wamekaa kwenye viti vya mbao mbele ya shamba la lile gugu la Agosti, lenye majani kama ya karoti, wakivuta chavua kwa hiari yao ili kijaribiwe kwao kidonge kipya cha mzio. Vidonge vingi vya mzio huzuia chafya na muwasho. Hiki kilisemekana kinafungua na pua iliyoziba. Nusu yao walimeza kidonge chenyewe, nusu wakameza chaki yenye rangi ile ile, na hakuna aliyejua kameza kipi.

Walikuja na mwenzao mmoja ambaye sasa hakuwamo. Lőrinc Bakos, aliyekuwa mwenyekiti wa ushirika enzi zile za ushirika, alikuwa amelala juu ya meza ya chumba cha kupimia, shuka imemfunika mpaka kichwani.

"Nani alikaa karibu na Bakos?" aliuliza Inspekta kutoka kwenye ngazi ya basi.

Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa mzee mwembamba mwenye kofia ya majani makavu, Jenő Pintye, fundi baiskeli wa kijiji cha Feketesár.

"Mimi nilikuwa kulia kwake. Kushoto alikaa huyu bibi, lakini yeye alilala."

"Sikulala," alisema bibi. "Nilifumba macho."

"Ulifumba mpaka ukakoroma."

"Mzee Pintye," alisema Inspekta, "kabla hatujaanza, toa hicho unachokikumbatia ndani ya koti kama mtoto mchanga."

Pintye akamtazama Bódi, akautazama mlango, akaona mlangoni hapapitiki. Akatoa chupa bapa ya bati. Inspekta akaifungua, akainusa, hakusikia chochote, akampa sajini.

"Pombe ya plamu," alisema Bódi. "Ya nyumbani. Kali."

"Bakos alikunywa hii?"

"Tone tu, afande. Asubuhi. Alikuwa na huzuni."

Macho yote yakaigeukia chupa. Kama kulikuwa na sumu, basi pengine ilikuwa humo, na kila mtu alikuwa akifikiria hilo hilo. Inspekta akaifunga chupa polepole.

"Nani mwingine alikunywa?"

Kwanza bibi aliyefumba macho akainua kidole. Nyuma yake akainua mwingine, halafu wawili kwa pamoja, na mwishowe nusu ya basi ilikuwa mikono juu kama watoto darasani. Hata dereva alitaka kuinua, akaukumbuka usukani.

"Na daktari aliwauliza asubuhi kama mmekunywa kitu?"

"Alituuliza," alisema Pintye. "Dawa, pombe, mitishamba. Tukasema hapana. Wakati ule ilikuwa kweli."

Inspekta akaitia chupa mfukoni. Wote walikuwa hai, kwa hiyo chupa haikuwa na kesi.

"Nieleze siku ya Bakos. Usitie chumvi."

"Ilikuwa hivi. Kila saa daktari anapuliza filimbi, tunataja namba ya pua. Sifuri ni pua wazi, tatu ni ukuta. Halafu tunavutia hewa kwenye kibarakoa chenye mshale wa kupima pumzi. Bakos akawa tatu, tatu, tatu. Nikamwambia, mwenyekiti, wewe umepewa chaki. Akanuna. Huyu mtu hakuzoea kupewa uongo, alizoea kutoa."

Wachache wakacheka, wakakumbuka, wakaacha.

"Na adhuhuri?"

"Baada ya supu akaenda msalani. Hivyo ndivyo alivyosema. Akarudi uso mwekundu kama nyanya na nywele za mbele mbichi. Nikamwuliza, mwenyekiti, umebatizwa upya? Akasema, funga mdomo wako, Jenő, lakini alisema anacheka. Filimbi ikalia. Akataja sifuri. Akavuta kibarakoa mpaka mshale ukagonga mwisho. Daktari nusura ambusu."

"Halafu?"

"Halafu akaanza kujikuna viganja. Akasema ulimi wake mzito. Nikadhani ni pombe yangu. Akasimama, akaondoka kwa haraka, huku ameshika kifua. Mimi nikabaki nikibishana na huyu bibi. Nilipogeuka nikamwona kule nyuma ya jiko yuko chini, na mfamasia Kertai kamwinamia, mkono kooni."

"Alikuwa anamkaba, au anamfungua kola?"

Pintye akafikiri. "Afande, mimi natengeneza baiskeli. Kwa mbali, kukaba na kufungua ni mkono ule ule."

Inspekta akashuka. "Nendeni. Msiondoke majumbani mwenu mpaka mtakapoambiwa."

"Na chupa yangu?"

"Chupa imekamatwa."

Basi likaondoka, na gari lenye tumbo lililong'oka likarudi kituoni.

Kituo chenyewe kilikuwa zizi la ushirika lililopakwa chokaa na kutiwa madirisha. Ofisini, mfamasia Dezső Kertai alikuwa amekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, mikono imefungwa pingu mapajani. Simu ilikuwa inalia, Inspekta akaipokea. Alikuwa mwendesha mashtaka, Rédei, kutoka mjini.

"Inspekta, hebu nihesabie," alisema Rédei. "Mtu anasimama baani mbele ya kijiji kizima, anaapa kwamba atamwona Bakos akikosa pumzi. Bakos anakufa kwa kukosa pumzi. Mtu huyo huyo ndiye mtunza vidonge. Na anakutwa na mkono kwenye koo la marehemu. Unataka nini zaidi? Picha?"

"Nataka jioni hii."

"Unayo mpaka nitakapovaa koti. Nikishavaa, natia saini ya mauaji, na huyo analetwa huku. Ukishaingia kwenye mauaji, unajua mwenyewe, hakuna anayetoka mapema hata kama hana hatia."

Simu ikakatwa. Kertai alikuwa amesikia yote, maana Rédei hakuwa mtu wa sauti ndogo.

"Ulisema maneno yale baani?" aliuliza Inspekta.

"Nilisema. Nilikuwa nimelewa, lakini nilisema."

"Kwa nini?"

"Bakos ndiye aliyegawa ardhi ushirika ulipovunjwa. Shamba letu akampa shemeji yake. Sisi tukapewa nyumba ya bondeni, ina unyevu mpaka chumvi inayeyuka mezani. Baba alikohoa humo mpaka akafa. Nikasema Bakos naye ataonja."

"Ungeweza kubadilisha kidonge chake?"

"Vinatoka kiwandani, kila chupa na namba yake. Bahasha inayoonyesha nani ana dawa na nani ana chaki ipo kwenye kabati, imepigwa lakiri."

"Sikuuliza hivyo."

Kertai akatazama pingu. "Ningeweza, ndiyo. Kidonge kimoja kingeweza kubadilishwa."

"Unajitetea vibaya sana, bwana."

"Sijawahi kuifanya kazi hiyo."

"Mkono kooni?"

"Kola. Midomo ilikuwa imevimba, na ulimi hivi." Akaonyesha kwa mikono yote miwili, maana pingu hazikumruhusu kutumia mmoja. "Nilimfungua kola nikapiga kelele waje na sindano ya adrenalini. Walipofika alikuwa hasikii tena."

"Wewe ulikuwa unatafuta nini nyuma ya jiko?"

Kwa mara ya kwanza Kertai alichelewa kujibu. "Nilikuwa naenda kumsalimia mama. Ndiye mpishi hapa, mimi nilimtafutia hiyo kazi. Mwacheni nje ya jambo hili, afande. Moyo wake si mzima. Mmemwambia nini?"

"Nimemwambia unaulizwa maswali tu," alisema Sajini Bódi. "Na nilimhoji, afande. Alimpa marehemu supu ya maharage na mkate, kama wote. Hakumpa kingine."

"Wote wamekula supu ile?"

"Hata mimi nimekula," alisema Bódi. "Nzuri."

Inspekta akaenda chumba cha kupimia. Daktari Gizella Somlai, mwenye jaribio, alikuwa amekaa karibu na meza yenye shuka, bado na filimbi shingoni. Alianza kusema kabla hajaulizwa.

"Najua umefuata bahasha. Ukiifungua, jaribio limekufa. Ni mwaka mzima wa kazi."

"Mtu naye amekufa."

"Najua. Niko naye chumba kimoja."

Inspekta akavuta kiti. "Weka bahasha yako. Nieleze ni nini kilichomuua."

"Mshtuko wa mzio. Vipele mwili mzima, koo limevimba, presha imeanguka. Kitu kimeingia mwilini, na mwili umekikataa kwa nguvu zote."

"Nyuki? Jikoni kuna plamu, kwenye plamu kuna nyigu."

"Nilikuwa wa kwanza kufikiria hilo. Nimemkagua mpaka vidole vya miguu. Hakuna alama ya kuumwa."

"Chavua yenyewe?"

"Chavua inaziba pua, inawasha macho. Kuua mtu namna hii, aliyekaa nayo tangu asubuhi, hapana."

"Kidonge?"

Daktari akatikisa kichwa, lakini si sana. "Kidonge alimeza asubuhi mbele yangu. Kama mwili wake ungekikataa, ungekikataa kabla ya supu. Ila Rédei atasema kulikuwa na kitu cha kuyeyuka polepole, na mimi siwezi kuapa kwamba hakuna kitu kama hicho duniani."

Hapo ndipo Rédei alipokuwa anaegemea, na Inspekta alijua. Akapenga kamasi, haikusaidia, akaendelea.

"Tuseme alipewa dawa ya kweli. Ingeweza kuitoa pua kwenye tatu ikaifikisha sifuri kati ya filimbi moja na nyingine?"

"Dawa hii? Tukipata nusu namba kwa siku nzima tunashangilia. Kuziba ndiko kugumu, Inspekta. Vidonge vyote vya mzio vinashindwa hapo. Ndiyo maana tuko hapa."

"Na kama alipewa chaki?"

"Chaki haifungui kitu."

"Basi awe alipewa kipi, pua yake ilifunguliwa na kitu kingine. Na pua ilipofunguka, muda si muda akafa."

Daktari aliivua filimbi, akaiweka mezani. "Niliuona ule mshale ukigonga mwisho. Nikasema, tumefaulu. Nilipaswa kumwuliza ametoka wapi. Nilifurahi, sikuuliza."

Inspekta akainuka, akafunua shuka mpaka kidevuni. Nywele za mbele za marehemu zilikuwa zimekauka zikashikana, za nyuma zilikuwa laini za kawaida. Na kwenye masharubu, yale masharubu makubwa ya mwenyekiti, kulikuwa na kitu cheupe, chembamba, kidogo kuliko kucha ya mtoto. Akakitoa kwa kibano, akakitia kwenye kikaratasi.

"Hiki nini?"

Daktari akakitazama. "Uzi? Kipande cha leso? Nusu ya watu hapa wana vipande vya leso usoni."

Inspekta akatoka nje. Upepo ulikuwa mkavu, mtu hatoki jasho. Viti vya mbao vilikuwa vimekaa safu mbele ya gugu. Vyoo vilikuwa upande wa mashariki, chini ya miti ya popla. Jiko lilikuwa magharibi. Pale alipoanguka Bakos nyasi zilikuwa bado zimelala, na palikuwa njiani kati ya viti na mlango wa nyuma wa jiko.

"Alianguka akielekea wapi?" alimwuliza Bódi.

"Kichwa kilikuwa upande wa jiko, afande."

"Mara ya kwanza alisema anaenda msalani. Hakwenda msalani. Mara ya pili, akiwa anakosa pumzi, hakumkimbilia daktari aliye mbele yake. Alirudi kule kule alikotoka."

"Kumfuata nani? Jikoni yuko mama tu."

Inspekta alikuwa amekwisha kuondoka. Akaubisha mlango wa nyuma.

Bi Vilma Kertai alikuwa anatoa plamu kokwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitambaa cheusi kichwani, na juu ya dirisha lake pilipili nyekundu zilining'inia zimetungwa kama shanga. Alimtazama mgeni wake mara moja tu, akaweka kisu chini.

"Mungu wangu. Unapumua kwa mdomo kama samaki, mwanangu. Kaa hapo."

"Bi Vilma, nimekuja kukuuliza—"

"Utaniuliza ukiwa unapumua. Kaa."

Inspekta akakaa. Bi Vilma alikuwa na birika linalochemka tayari, kama majiko yote ya huko. Akamimina maji kwenye bakuli la bati, akatia mkono kwenye mfuko wa kitambaa, akatoa konzi la maua makavu, akayatia majini. Akachota kikombe, akakifunika kwa kisahani, akakiweka pembeni.

"Nimeyachuma mwenyewe mwezi wa Mei, kule kwenye ardhi ya chumvi. Ya dukani ni majani matupu. Inamisha kichwa."

Taulo likamwangukia Inspekta kichwani. Mvuke ukampanda usoni. Akavuta mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu puani mwake kitu kikaachia, akasikia harufu kwa mara ya kwanza tangu katikati ya Agosti. Ilikuwa kamomili, harufu ya chumba cha mgonjwa, ya tumbo la mtoto, ya kila bibi aliyepata kuishi kwenye nyanda zile.

Akainuka ghafla, taulo begani. Akajishika kipaji cha uso. Nywele zake za mbele zilikuwa mbichi.

"Bado," alisema Bi Vilma. "Na kikombe unakinywa chote, ndicho kinachomalizia."

Inspekta akakifunua. Juu ya maji ya manjano vipetali vyeupe vilikuwa vinaelea. Akatoa kikaratasi mfukoni, akakifungua kando ya kikombe. Kipetali cha masharubu kilikuwa kimekunjamana, lakini kilikuwa ndugu yao.

"Bódi," alisema bila kugeuka. "Mlete daktari. Kimbia."

"Nimekosea nini?" aliuliza Bi Vilma.

"Sijui bado, mama."

Daktari Somlai aliingia akihema. Akaliona bakuli, akaliona taulo, akakiona kikombe mkononi mwa Inspekta, na akakichukua kwa nguvu mpaka kikamwagika.

"Umekunywa?"

"Sijanywa. Ndicho?"

Daktari alishika ukingo wa meza. "Kamomili ni ukoo mmoja na lile gugu. Watu wengi haiwadhuru. Lakini mwenye mzio mkali wa gugu, mwili wake umejazwa chavua tangu asubuhi umefika ukingoni, ukimpa kikombe kizito kama hiki…" Akakomea hapo.

"Lakini hiyo si dawa," alisema Bi Vilma. "Hiyo tunawapa watoto wachanga. Kila mtu anawapa."

"Na mimi nilipewa," alisema daktari. "Niliwauliza mitishamba, na mimi mwenyewe sikuifikiria hii. Ningeulizwa ningesema sijanywa kitu."

Inspekta akavuta kiti, akakaa magoti yakielekeana na ya mama yule.

"Bi Vilma, nisikilize kabla hujasema neno. Mwanao haulizwi maswali tu. Ana pingu mikononi, chumba cha pili. Kuna mtu mjini anavaa koti, na akimaliza kulivaa, Dezső anakuwa muuaji wa Bakos."

Mikono ya mama ikaacha kukunja taulo.

"Dezső hakumgusa."

"Basi kuna mtu mwingine anayejua Bakos alikuwa wapi baada ya supu. Akisema, Dezső anarudi nyumbani. Lakini akisha kusema, mtu huyo ataondoka hapa na mzigo ambao hakuwa nao asubuhi. Sitakuficha hilo. Na sitakusaidia kuubeba."

Nje upepo ulikuwa unapiga mabati ya zizi. Daktari alikuwa ameinama, anatazama maji yaliyomwagika. Bi Vilma alilitandika taulo mezani, akalinyoosha kwa kiganja kona mpaka kona, kama mtu anayepanga kitanda cha mgeni.

"Dezső aliniambia, mama, usiwape kitu zaidi ya chakula," alisema. "Nikaogopa mkijua nimemfukiza mtu, mtamfukuza kazi."

"Bakos alikuja mwenyewe?"

"Mlango huo wa nyuma. Kofia mkononi. Tangu ardhi igawanywe hajawahi kuja mlangoni kwangu. Alisema, Vilma, nifukize, sipumui, na usimwambie daktari, atanitoa kwenye viti. Ningemfanyaje? Tulicheza ngoma pamoja ujanani, huyu mtu. Nikamwambia kaa."

"Akakaa muda gani?"

"Wa kutosha. Nikafikiri atanyamaza. Akasema akiwa chini ya taulo. Alisema kuhusu shamba. Alisema, nilijua nyumba ile ina maji, Vilma, nilijua nikawapa hivyo hivyo. Akaniomba radhi. Chini ya taulo, afande, kwa sababu hakutaka nimwone."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia maji yanapoa, vuta." Akalinyoosha taulo tena. "Alipojifunua alikuwa na uso wa mtu mwingine. Nikampa kikombe. Nilikitia nguvu mara mbili. Nilitaka kimsaidie. Akanywa chote, akasema, Vilma, napumua."

Bódi alikuwa ameacha kuandika.

"Aliporudi mara ya pili?"

"Sikumwona. Nilikuwa ghalani nachukua viazi. Nilisikia Dezső akipiga kelele." Akamtazama Inspekta usoni. "Kwa hiyo alikuwa anakuja kwangu."

"Ndiyo."

"Kunilaumu?"

"Kuomba msaada, nafikiri."

Bi Vilma akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei. "Basi ni mimi," alisema. "Mfungueni mwanangu."

Inspekta alikwenda ofisini, akapiga simu mjini. Rédei alikuwa bado kwenye meza yake, ila mkono mmoja ulikuwa tayari kwenye koti, alikiri hilo mwenyewe.

"Usitie saini," alisema Inspekta.

"Unaye nani?"

"Nina bakuli, mfuko wa maua na shahidi. Lete watu wa maabara, wachukue kilichomo tumboni mwa Bakos, wakilinganishe."

"Maua? Maua gani?"

"Kamomili."

"Mama yangu ananipa hiyo kila jioni," alisema Rédei.

"Una mzio?"

"Sina."

"Basi kunywa."

Bódi akamfungua Kertai pingu. Hakuambiwa kitu. Alikwenda jikoni akijisugua vifundo vya mikono, akasimama mlangoni, akaliona taulo, akauona mfuko uliofunguliwa, na kwa kuwa alikuwa mfamasia hakuhitaji kuelezwa. Mama yake alikuwa amerudi kwenye plamu zake.

"Mama."

"Una njaa?" aliuliza. "Supu imebaki."

Akavuta kiti, akakaa pale alipokaa Bakos, kwa sababu kilikuwa kiti pekee, akala.

Maabara ya mji ilikuta kamomili tumboni mwa marehemu, na dalili za mshtuko wa mzio kwenye damu yake. Mwendesha mashtaka Rédei alifunga faili bila kumshtaki mtu. Lőrinc Bakos alizikwa Feketesár, kando ya wazazi wake, na watu wa pande zote mbili za ugomvi wa ardhi walihudhuria. Shamba la akina Kertai lilibaki kwa shemeji.

Jaribio lilisimamishwa kituoni pale. Bahasha ilifunguliwa na tume iliyotumwa, ikaonekana Bakos alikuwa amemeza dawa ya kweli asubuhi ile. Miaka iliyofuata kidonge kile kiliuzwa madukani kwa chafya na muwasho. Kwa pua iliyoziba hakikuidhinishwa. Daktari Somlai aliacha utafiti akafungua zahanati mjini, akawa anamwuliza kila mgonjwa mpya kuhusu kamomili kwa jina lake.

Jenő Pintye alirudishiwa chupa yake ikiwa tupu, akaandika malalamiko, hayakujibiwa. Sajini Bódi alikatwa mshahara kwa ajili ya gari. Inspekta Vámos alihamishiwa milimani kaskazini, ambako gugu ni kidogo.

Dezső Kertai alipata kazi ya duka la dawa upande wa pili wa nchi. Alimtaka mama yake waende pamoja, akakataa. Wiki moja baada ya mazishi Bi Vilma alikwenda kwa mjane wa Bakos, akamweleza mwenyewe, mlangoni, kofia ya marehemu ikiwa bado imetundikwa ukutani nyuma yao. Mjane alimkaribisha ndani. Walikaa mpaka giza likaingia, na walichozungumza hakuna aliyekijua. Bi Vilma alifariki baridi iliyofuata, kwa moyo, akiwa usingizini. Mjane wa Bakos ndiye aliyemkuta.